Kuku wa Mzazi

Stephania alifika Kibingo na kuku wawili, trei moja ya mayai, na hasira. Kuku na mayai alivifunga kwenye bodaboda. Hasira haikuhitaji kamba.

Alikuwa nayo tangu siku binti yake Benadeta alipompigia simu kutoka hospitali, akasema kwa sauti nyembamba kwamba amejifungua salama, mtoto wa kike, ila damu wanasema ni saba. Kisha muuguzi akaichukua simu. Muuguzi akaeleza vizuri tu: mzazi aende nyumbani, ale maini, mayai, nyama, dagaa, mboga za majani, anywe na vidonge vyake. Baada ya wiki mbili arudi kupimwa. Damu ikipanda, mshukuruni Mungu. Isipopanda, au ikishuka, hapo muuguzi hakumaliza, na Stephania hakumwomba amalizie. Yeye mwisho wa maneno hayo aliujua.

Aliujua kwa dada yake, Ainebyona. Ainebyona alijifungua mwaka ambao mvua ya vuli iligoma, akawa mweupe midomo, akapewa mchuzi mwezi mzima. Kila kuku aliyechinjwa kwa jina lake aliliwa na wanaume sebuleni, yeye akaletewa bakuli la maji ya chumvi yenye mafuta juu. Siku ya thelathini na mbili akaanguka pale kisimani akiteka maji, hakuamka. Msibani wakachinja kuku watatu. Stephania alikuwa na miaka kumi na minne, ndiye aliyetumwa kuwanyonyoa. Tangu siku ile hajawahi kunyonyoa kuku bila kusaga meno.

Kule kwao Kituntu watu wanamjua Stephania kwa kisu chake. Ni kisu kifupi, kimenolewa hadi kimebaki chembamba kama jani la mchaichai, na hukiviringisha kwenye kipande cha kitenge. Harusi ikiwa na watu wengi, msiba ukiwa mkubwa, huitwa yeye na kisu chake. Wengine wakiwa bado wanatafuta pa kukaa, yeye amekwisha kumenya mkungu mzima. Haongei sana. Ila ana tabia moja: popote anapokwenda, huonja. Sahani ya kwanza hula kwa njaa, ya pili huihoji. Kwa mama mmoja wa Ngara alijifunza kuchanganya boga na maharage. Kwa wanawake wa ziwani alijifunza kukaanga dagaa wakavu kabla ya kuwatia maji, ule ukakasi utoke. Akirudi nyumbani hupika alichokiona, na mume wake Yustus akishika tonge la kwanza huuliza, "Leo tunakula wapi?" Ndio mzaha wao wa miaka yote.

Siku hiyo ya kwenda Kibingo alipita senta ya Omurushaka bila kuonja kitu. Dereva wa bodaboda alinunua muhogo wa kuchoma, akamkatia. Akakataa. Dereva akasema mama huyu labda amefunga.

Mji wa mzee Rwegoshora, baba mkwe wa Benadeta, ni mji wa watu wenye nafasi. Migomba imesafishwa, kahawa imeanikwa kwenye mikeka, nyumba ya bati, jiko la nje lina mlango. Mama mwenye mji, Mackrine, alimpokea mkwe mwenzake kwa kumkumbatia bega hili na bega hili, wakasalimiana ile salamu yetu ndefu inayouliza mpaka habari za ng'ombe waliokwisha kufa. Akampa buni za kutafuna. Mume wa Benadeta, Projest, alipomwona Stephania tu akaingia katikati ya mibuni na kujificha uso, kama mila inavyotaka, maana mtu hamtazami mama wa mkewe.

"Heshima ipo," Stephania aliwaza. "Tutaona kama na chakula kipo."

Benadeta alikuwa amelala chumba cha nyuma, mtoto kifuani. Stephania alimvuta kope ya chini akatazama. Ndani palikuwa peupe kama upande wa ndani wa ganda la ndizi.

"Unakula nini?"

"Ninakula, Mama."

"Nimeuliza nini."

Benadeta akatazama ukutani. Akasema ndizi. Ndizi na mchuzi.

Jioni ile ile kuku wa kwanza akachinjwa. Stephania aliinuka kwenda jikoni, Mackrine akamrudisha kwa upole, kwamba mgeni hashiki mwiko siku ya kwanza. Basi akakaa chumbani akisikiliza. Alimsikia mzee Rwegoshora sebuleni akiombea chakula. Aliomba sala ndefu na nzuri. Alimshukuru Mungu kwa kuku wa mzazi, akamwomba ampe mzazi nguvu, aongeze maziwa, ainuke upesi. Amina. Halafu ukasikika mfupa ukivunjwa.

Bakuli la mzazi likaja. Mchuzi. Matone ya mafuta yalielea juu yake kama macho, yakimtazama Stephania.

Alimfuata Mackrine jikoni akamuuliza nyama iko wapi.

"Mkwe, mzazi anakunywa mchuzi," Mackrine alisema. "Nguvu zote ziko kwenye mchuzi."

"Na kwenye nyama kuna nini?"

"Nyama ina wenyewe."

Alisema hivyo bila ubaya, huku akikwangua sufuria. Na Stephania akaona kwamba naye, aliyemkamata yule kuku, akamnyonyoa, akamkata na kumpika, alikuwa anakula ndizi kwa maharage. Firigisi ilikuwa imekwenda kwa mzee kwenye kisahani chake peke yake. Katika mji ule firigisi haigawiwi. Mwanamke akiipoteza hata kwa bahati mbaya, hurudishwa kwao kwenda kuitafuta.

Mayai nayo yalifungiwa kwenye kabati, kwa sababu mzazi akila mayai mtoto atachelewa kusema. Lakini kila asubuhi mzee alikula mawili na chai. Yeye alikuwa amekwisha kusema zamani, na alisema mengi.

Siku ya tatu Stephania akatoka kwenda kutafuta mboga za majani, maana majani hayana mwenyewe, hata wanaume hawayataki. Nyuma ya shamba akakuta nyumba ndogo ya udongo, na mama mmoja anatwanga kisamvu kwenye kinu. Alikuwa Mukandekezi. Mume wake Karekezi hulima vibarua kwa Rwegoshora. Babu zao walitoka Rwanda, wao wote wawili wamezaliwa hapa hapa Kibingo, na bado huitwa watu wa kuja.

Stephania alisalimia, akakaa juu ya kigogo, akatazama. Kisamvu kile hakikufanana na cha kwao. Kilikuwa laini kama uji, cha kijani kilichokolea, na juu ya moto kilikuwa kinatokota na karanga za kusagwa. Mukandekezi akamwekea kidogo kwenye kiganja. Stephania akalamba. Tangu aondoke Kituntu, ndiyo mara ya kwanza alipohoji chakula.

"Hii ni nini ndani? Si karanga peke yake."

Mukandekezi akacheka, akatazama njia kwanza. Akasema sisi tunakiita isombe. Na ndani kuna dagaa, ila amewatwanga.

"Kwa nini uwatwange? Dagaa ni wadogo tayari."

"Dagaa akiwa na kichwa na mkia, ana mwenyewe. Ukimfanya unga, mwenyewe hamjui." Akakoroga chungu. "Nimelea watoto sita kwa unga huo, mama. Bibi yangu alinifundisha. Mwanamume akija anaona majani tu, anapita."

Stephania alirudi na chungu kidogo. Siku nne Benadeta alikula isombe mchana, dodo, ule mchicha wa kienyeji, kwa karanga jioni, na katika kila kijiko kulikuwa na dagaa waliosagwa mpaka wakakosa jina. Sebuleni hakuna aliyeuliza. Mzee aliwahi kuchungulia bakuli, akasema mzazi anakula majani kama mbuzi, akacheka mwenyewe.

Chakula kile kilikuwa kitamu na kilifanya kazi. Lakini kila siku Stephania alipokuwa anatwanga, hasira yake ilizidi badala ya kupungua. Mchi ulikuwa unagonga kinu na yeye anajiuliza. Kuku ni wake. Amemlea yeye. Amemleta kwa bodaboda kutoka Kituntu. Mwenye damu saba ni mwanawe. Sasa yeye, mpishi wa miaka ishirini na mitano, anamlisha mtoto wake kama mwizi anayegawa mali ya wizi? Anaficha nini? Anamficha nani?

Siku ya nane akamkamata kuku wa pili, akampeleka kwa Mukandekezi. Karekezi akamchinja, akasema yeye hajaona kitu, akaenda zake kulima. Wanawake wawili wakampika kwa majani na karanga, kipande kwa kipande, hakuna kilichosagwa. Na Stephania hakurudi kwa njia ya nyuma. Alipita katikati ya uwanja saa nane mchana, sufuria kichwani, bila kifuniko, harufu ikimtangulia.

Benadeta aliogopa.

"Mama, watanifukuza."

"Kula."

Akala ini. Akala paja. Halafu Stephania akamwekea firigisi mkononi. Benadeta aliishika kama mtu aliyepewa kaa la moto. Mlangoni alikuwa amesimama Mackrine, na nyuma yake watoto wa jirani waliofuata harufu. Aliiona. Mama yule hakupiga kelele wala hakumnyang'anya. Alisema kwa sauti ya chini sana, "Mkwe, umeniua," akaufunga mlango.

Jumapili baada ya kanisa kikao kikakaa sebuleni. Mzee Rwegoshora kwenye kiti chake, Projest ukutani anatazama sakafu, na mdogo wa mzee, Rwezaura, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Wanawake kwenye mkeka. Rwezaura alieleza kosa kwa mpangilio mzuri, kama anasoma. Mzazi wa mji huu amelishwa kutoka kwenye mafiga ya watu wa kuja, kana kwamba mji huu una njaa. Firigisi ya mwenye mji imeliwa na mwanamke, mchana, watu wanaona.

Stephania akasema kuku alikuwa wake, na aliyemla ndiye aliyezaa. Akasema damu ya mwanawe ilikuwa saba.

Mzee Rwegoshora akajibu kwamba mji huu wanawake wamezaa tangu babu yake, na hakuna aliyezaa kwa firigisi. Wanaume wakaguna kukubali. Halafu akapandwa na ghadhabu, akanyoosha kidole akitaja wakosaji wake: aliyepika ana kosa, aliyekula ana kosa, na huyu, akamwelekezea mkewe, aliyeona akanyamaza ana kosa kama wao.

"Andika hivyo," akamwambia Rwezaura, ingawa hakuna aliyekuwa na kalamu.

Faini ni ile ya ukoo: jogoo mmoja na debe la rubisi, ile pombe ya ndizi. Apike mkosaji mwenyewe, ailete mbele ya wakubwa. Na kabla hawajala, mkosaji aonje kila alichokileta, wote wakiona, ili ijulikane hakuweka sumu wala kinyongo. Asipotaka, amchukue binti yake warudi Kituntu. Mtoto atabaki, mtoto ni wa ukoo.

Benadeta akamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka kichanga kikalia.

Stephania alikuwa anayahesabu maneno yao vidoleni, moja moja, kama anavyohesabu sahani kabla ya harusi. Kula kuku, ukatozwa kuku, aje aliwe na wale wale. Kama si kumwona mwanawe, angecheka.

"Nimekubali, waitu," alisema, kwa lile neno letu la heshima. "Kama mlivyosema. Nisiongeze wala nisipunguze."

Rwezaura akasifu. Akasema hivyo ndivyo watu wazima.

Usiku hakulala vizuri, asubuhi akampigia Yustus. Yustus hakuuliza maswali mengi, na Jumatano mapema bodaboda ikaleta jogoo mkubwa mwekundu mwenye kucha kama misumari, naye pia mwenye hasira. Stephania akampenda. Rubisi ilipatikana hapo hapo Kibingo.

Siku hiyo alipika kama hajawahi kupika harusi yoyote. Ndizi akazimenya kwa kile kisu chembamba, akazifunga kwenye majani ya mgomba, akaziivisha kwa mvuke mpaka zikawa njano za kunata. Jogoo akamchemsha taratibu tangu asubuhi, maana jogoo mzee ukimharakisha anakushinda. Ini akalikaanga peke yake na vitunguu. Miguu akaiunguza, akaikwangua, akaitia kwenye mchuzi. Mackrine alimsaidia bila kusema neno. Mara moja tu aliuliza karanga zimekaangwa kiasi gani. Stephania akamwonyesha rangi.

Wanaume walikuwa wamejaa sebuleni. Wengine walikuja kwa kusikia harufu. Stephania akapiga magoti, akaweka sinia katikati, rubisi pembeni. Akainamisha kichwa.

"Nimeleta faini. Wakosaji ni watatu, mzee alituhesabu mwenyewe. Mama Projest, njoo. Benadeta, njoo, mpe mtoto baba yake."

Projest akapokea mtoto. Hakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Stephania akamega paja, akampa Benadeta. "Onja."

Akaonja. Alionja mpaka mfupa ukabaki mweupe. Paja la pili likaenda kwa Mackrine. Stephania mwenyewe akachukua kidari. Ini akaligawa mara tatu, kipande kikubwa kwa Benadeta. Mabawa yakafuata. Walikula polepole, macho chini, kwa adabu zote za mkeka.

Rwezaura akakohoa. Akasema kuonja ni kipande kimoja.

"Sivyo mlivyosema, waitu. Mlisema kila nilichokileta." Stephania hakuinua sauti. "Kila kipande kina ladha yake. Nimepika miaka ishirini na mitano, sijaona paja likionjwa kwa kula bawa. Kama sumu iko kwenye bawa?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya. Mzee Rwegoshora akamtazama Rwezaura, Rwezaura akatazama sinia. Faini ilikuwa ya mzee, maneno yalikuwa yake, na watu wa kusikia aliwaita mwenyewe. Angesema nini? Kwamba wakubwa wale bila kuonjewa? Hata kwa jogoo mwekundu, mzee wa ukoo hawezi kuyatapika maneno ya kikao.

Ikabaki firigisi. Stephania akaikata kwa kile kisu chake katikati, nusu kwa Benadeta. Nusu nyingine akamnyooshea Mackrine.

Mackrine alimtazama mumewe. Alitazama kwa muda mrefu, kama anasubiri akatazwe. Kisha akaitia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena. Chumba kizima kilikuwa kinamsikiliza.

"Kumbe ni ngumu," akasema. "Miaka thelathini na moja ninaiosha, ninaimenya ngozi, ninaipeleka." Akatafuna tena, akameza. "Kumbe ndiyo hii tu."

Na hapo ndipo Stephania alipoona uso wa mama yule umebadilika, haukuwa tena uso wa kuomba radhi. Ulikuwa na hasira. Hasira mpya, iliyochelewa miaka thelathini na moja, na mwenyewe alikuwa bado hajui aiweke wapi.

Kwenye sinia kulibaki ndizi, shingo, mgongo, miguu, na mchuzi mwingi mzuri. Stephania akawajazia wanaume mabakuli hadi juu.

"Karibuni, wakubwa. Nguvu zote ziko kwenye mchuzi."

Siku ya wiki mbili kutimia walikwenda hospitali. Muuguzi alitoa namba: tisa na nusu. Akauliza mzazi amekula nini, akaandika kwenye kadi, akasema waendelee hivyo hivyo. Stephania akakaa kwenye benchi. Alimkumbuka Ainebyona, na kwamba kati yake na uzima kulikuwa na mapaja machache ya kuku. Hilo halikumpunguzia hasira. Lilimwongezea.

Aliondoka kesho yake. Kabati la mayai lilikuwa wazi. Hakuuliza nani amelifungua, lakini ufunguo aliuona kiunoni kwa Mackrine, umefungwa kwenye ncha ya khanga. Kwa Mukandekezi alipita kuaga, akampa trei tupu na sabuni, akabeba mbegu za boga.

Projest alimsindikiza mpaka barabarani. Alibeba mfuko, akatangulia mbele hatua kumi, bila kugeuka, mkwe asimwone mkwe. Waliongea hivyo, kila mmoja akiiambia njia.

"Mama," Projest alisema, "umetuaibisha."

"Ndiyo."

Wakatembea. Mibuni huku na huku. Wakafika karibu na barabara ndipo akasema tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza dawa ya siri:

"Ile mboga ya majani na karanga. Benadeta anaipenda. Inapikwaje?"

Stephania alitazama mgongo wake, mpana, wa mtu aliyelishwa vizuri tangu utoto. Kwa mtu mwingine yeyote, kwa mgeni yeyote njiani, angekaa chini na kumweleza mpaka kiasi cha chumvi.

"Una jiko nyumbani kwako," alisema. "Lina mlango. Ingia, uulize."

Akachukua mfuko wake mwenyewe, akapunga bodaboda. Pale Omurushaka alimwomba dereva asimame. Alinunua muhogo wa kuchoma, akaula wote amesimama, halafu akamuuliza mchomaji amewasha kuni za mti gani.